Klipu ya Nane

Bwera, Ijumaa, baada ya alasiri

Yusufu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Mimi sikuulizi, kwa sababu tunalala nyumba moja na hali yako naijua: umenuna. Leo ni siku ya tatu hunisalimu. Unapita mlangoni mwa gereji kana kwamba mimi ni gurudumu lililoegemezwa ukutani. Sawa. Na mimi nimekasirika. Jana nilikasirika, leo nimeamka nimekasirika, na hata sasa, nikiandika kwenye benchi yangu ya kazi, kalamu inatoboa karatasi. Mama yako ndiye aliyechana kurasa hizi kwenye daftari la mdogo wako, akazitupa mbele yangu na kusema, "Kama huwezi kusema naye, mwandikie." Basi naandika.

Mambo ya kufua nguo, kuchagua marafiki na kulala mapema sitayagusa. Mama yako ameyaimba wiki nzima na najua masikio yako yamechoka. Nataka tu ujue kwa nini Jumanne nilipindua sinia la wali mbele ya rafiki zako, ukaona haya, ukadhani baba yako ameingiwa na wazimu.

Unakumbuka ilivyokuwa. Isaya Baluku, aliyekuwa dereva wa Haji Swaibu, alikuja kutoka Katwe, nusu ya njia kwa miguu. Alikuwa amesikia kwamba mtoto wa fundi amepata kazi Kasese, kwenye karakana ya mgodi. Miguu yake uliiona, jinsi maji ya chumvi yalivyoipasua mpaka kwenye magoti. Alikuwa amekuletea kipande cha chumvi kimefungwa kwa jani la mgomba.

"Mutoto anaenda kazi," alisema, "hawezi toka nyumbani mikono mitupu. Kule Kasese chakula iko ya kununua. Haina ladha."

Ulipokea kwa mikono miwili, vizuri kabisa. Nikamwambia Isaya akae ale. Akasema, "Wasingya, fundi, asante sana. Iko lori moja narudi Katwe, nikikawia itaniacha." Akanipa mkono, akainama kidogo kama anavyofanya siku zote, akaondoka.

Hajafika hata ng'ambo ya barabara, wewe ukasimama. Ukachukua mfuniko wa sufuria ukaufanya usukani. Ukayumbayumba, ukalegeza macho. "Mimi Isaya! Mimi naua lori ya Haji!" Rafiki zako wakacheka mpaka wakashika matumbo. Kile kipande cha chumvi ulikirusha juu ya magunia bila hata kutazama kilipoangukia. Ndipo nikapindua sinia.

Sasa nisikilize. Wewe hujawahi kumwona Isaya amelewa. Hakuna aliyewahi kumwona. Yule ni mlokole, hata togwa ya harusini huwa anaisogeza kando. Hadithi ya Isaya mlevi umeitoa wapi? Umeitoa hapa hapa gerejini kwangu. Miaka mitatu watu wameisimulia mbele yangu, wameiongezea chumvi na pilipili, na mimi niko chini ya gari nimenyamaza, nakaza nati. Hasira ya Jumanne haikuwa yako yote. Yako ilikuwa robo. Robo tatu ilikuwa yangu, na nilikurushia wewe kwa sababu wewe ulikuwa karibu.

Lori la Haji Swaibu sikuwahi kuambiwa na mtu jinsi lilivyokufa. Nilijua mwenyewe, kwa sababu niliyeliua ni mimi.

Kazi ya pistoni nilijifunza jeshini, wakati wa vita. Sajenti wetu wa karakana alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kupasua mawe. Siku ya kwanza alitupanga mstari, akamtilia kila mmoja klipu za pini mdomoni, zile nyaya ndogo za mviringo, tukabaki tumefumba midomo mithili ya watu wenye jino bovu. "Kruta! Domo tupu, kazi kwisha! Iko klipu domoni, kazi bado! Fahamu?" Tukajibu "Ndiyo, afande" kwa pua, kwa sababu ukifungua mdomo unazidondosha.

Unanicheka siku zote kwa tabia hiyo. Hata Mama yako huwa ananiuliza neno nikiwa kazini kisha anajijibu mwenyewe. Lakini ilikuwa na maana yake. Pini ndiyo inayoshika pistoni kwenye mkono wake wa chuma, na pini yenyewe haijabanwa na kitu. Inaelea. Kinachoizuia isitoke ni klipu mbili tu, moja huku na moja kule, kila moja imelala kwenye mfereji wake. Ukisahau moja, injini itawaka, itanguruma vizuri, hata wewe mwenyewe utaisifu. Halafu pini inaanza kutembea, kidogo kidogo, mpaka inafika kwenye ukuta wa silinda na kuanza kuulima. Pistoni nne, klipu nane. Naziweka zote mdomoni. Ya mwisho ikitoka, ndipo nafunga. Miaka kumi na kitu mdomo wangu haujawahi kunidanganya.

Mwaka ule lori la Haji lilifika kwangu mwezi wa Ramadhani. Lilikuwa kuukuu, la tangu kabla ya vita, limeanza kula mafuta na kutoa moshi. Haji alikuwa ameleta pistoni mpya na pini zake na klipu zake, zimefungwa vizuri kwa karatasi yenye grisi. Alitaka lori upesi, kwa sababu kahawa ilikuwa imejaa stoo na ilikuwa inasubiri kupelekwa Kasese.

Na mimi nilikuwa nimefunga. Shekhe alikuwa ameniambia kwamba kuweka chuma mdomoni hakufunguzi, nisijipe taabu. Lakini klipu zile zilikuwa na grisi, na ulimi wangu ungeionja tu. Nikajiona mcha Mungu kuliko shekhe. Nikavua kofia, ile nyeupe ya kudarizi niliyoshonewa na bibi yako, nikaigeuza juu ya benchi, nikazitia klipu nane humo ndani. Nikasema moyoni, leo kofia ndiyo mdomo. Kofia tupu, kazi kwisha.

Nikabandika sufuria ya maji jikoni, kwa sababu pistoni haipigwi nyundo. Unaichemsha, inatanuka, pini inaingia kwa kidole gumba tu. Jirani yetu mama Biira akachungulia dirishani.

"Fundi! Mchana wa Ramadhani unapika nini?"

"Pistoni."

"Ikiiva uniite!"

Nilicheka. Nakikumbuka sana kile kicheko, kwa sababu ndicho cha mwisho nilichocheka kwenye kazi ile.

Kwanza nilizitia klipu za upande mmoja, pistoni zote nne. Zikabaki nne kofiani. Kisha nikaanza kuchemsha. Ya kwanza: nikaitoa kwenye maji, nikasukuma pini mpaka ikagota kwenye klipu ya upande wa pili, nikatia klipu ya upande wangu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikasukuma pini, ikaingia vizuri kabisa, na wakati huo huo nikasikia adhana ya alasiri. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa kiu. Nikaiweka ile pistoni chini, nikamimina klipu zilizobaki juu ya kitambaa, nikavaa kofia, nikaenda kuswali.

Nilivyozimimina sikuzitazama. Zilitakiwa kuwa mbili. Ilianguka moja. Nyingine ilikuwa imenasa kwa ncha yake kwenye tundu la ule udarizi, nami nikaivaa kichwani. Nilikwenda nayo msikitini, nikasujudu nayo, nikarudi nayo.

Niliporudi niliziona pistoni tatu zimekaa upande mmoja na ya nne peke yake kwenye maji. Nikaimaliza ile ya nne. Klipu moja ilikuwa kwenye kitambaa, nikaitia. Kitambaa kikawa kitupu. Laiti ingebaki hata moja, ingenipigia kelele: fundi, kazi bado! Hakukuwa na kitu. Sikuzigeuza pistoni kuzitazama moja moja. Macho ninayo mawili, mazima, na sikuyatumia. Nikafunga injini.

Hilo ni kosa la mkono, Yusufu, na kosa la mkono mtu anaweza kulisema. Kilichonikaa kooni ni kilichofuata.

Isaya alipakia kahawa asubuhi ya siku ya pili yake. Walipokuwa wanapanda ule mwinuko wa upande wa Munkunyu akasikia mlio. Hakuendelea hata hatua kumi. Alizima, akashuka, akatia jiwe nyuma ya gurudumu. Karani wa Haji aliyekuwa amekaa naye akamfokea aendelee mpaka Kasese. Isaya akakataa, lakini ndani silinda ilikuwa imeshalimika. Wakakaa pale bila turubai la kutosha, mvua ikashuka kutoka milimani, kahawa ikalowa gunia baada ya gunia. Karani alipofika kwa Haji alisema ya kwake kwanza. Alisema dereva alikuwa amelewa, alikimbiza gari mlimani kama mwehu.

Lori likavutwa mpaka hapa. Haji akaja na watu. Isaya akaja pia, nguo bado mbichi kwa mvua. Nikafungua injini mbele yao wote. Pistoni ya tatu ilipotoka, pini ilikuwa imechomoza upande mmoja, na ule mfereji wa klipu ulikuwa safi. Safi, haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Klipu ikiruka yenyewe, inauma kingo za mfereji, inaacha alama, unakuta vipande vyake chini kwenye mafuta. Pale palikuwa hapajawahi kukaa kitu. Nilijua papo hapo.

Haji akasema, "Weye fundi, weye ndiyo jicho yangu. Sema. Nani naharibu mashine yangu?"

Isaya akasema, "Fundi, mimi nasikia sauti, nasimamisha mara moja. Waambie. Wewe najua mashine."

Alinitazama kwa tumaini. Mtu yule aliamini kwamba chuma kitasema kweli na mimi nitakitafsiri.

Nikageuza pistoni kidole changu kikiwa juu ya ule mfereji, ili mtu asiuone. Nikasema, "Injini imekimbizwa."

Maneno mawili tu. Nilikuwa nimefunga, midomo imekauka kwa saumu. Grisi kidogo niliiogopa isije ikaniharibia funga, uongo ule nikaumeza mzima mzima. Ukitaka kujua ninamkasirikia nani, anza na huyo.

Siku ya Idi, Mama yako alikuwa ameifua ile kofia. Alinipa chai, halafu akaweka kitu kidogo karibu na kikombe. "Hii ni yako," akasema. Ilikuwa klipu ya nane. Mama yako si fundi, lakini amekaa na mimi miaka ishirini na alikuwepo mlangoni nilipofungua ile injini. Akaenda kuwagawia watoto maandazi. Nilitamani anipige kwa kile kikombe.

Tangu siku ile hakuna mwenye gari aliyempa Isaya usukani, si Bwera wala Kasese. Walokole wenzake wakamtaka asimame mbele ya mkutano atubu ulevi wake. Unawajua walivyo: angesema tu "nilikunywa," wangemwimbia, wangemkumbatia, mambo yangeisha siku hiyo hiyo. Akawaambia hawezi kutubu jambo ambalo hakulifanya. Wakamhesabu mwenye moyo mgumu. Alikaa benchi la nyuma mwaka mzima, kisha akaacha kwenda. Sasa anasimama ndani ya ziwa la Katwe tangu asubuhi mpaka jua kali, anabandua chumvi, na watoto wake wako kwa babu yao huko Mahango kwa sababu hawezi kuwalisha.

Mtu huyo ndiye aliyekuletea zawadi. Na mimi nilimkasirikia hata yeye, kwa upole wake! Angenitukana ningepumua. Anakuja, anainama, ananiita fundi. Mara nyingine nadhani anajua, halafu naona macho yake na naelewa kwamba hajui kabisa. Anadhani ni bahati yake mbaya tu.

Usifikiri sikujaribu. Nimepanda gari kwenda Katwe mara tatu. Mara ya kwanza niliteremka njia panda ya Kikorongo nikanywa chai, nikarudi. Mara ya pili nilifika mpaka nikauona ule mto wa watu wanaobeba chumvi, nikamwona yeye kwa mbali, nikarudi. Mara ya tatu nilionana naye, nikamuuliza habari za watoto. Kila mara mdomo wangu ulikuwa na maneno mengi mno. Njia nzima nilikuwa nikijitayarishia utetezi: kiu, kichwa, haraka ya Haji, karani yule mwongo. Mpaka kufika, nilikuwa nimeshajisamehe.

Sasa hili ndilo litakalokuuma, kwa hiyo nalisema wazi. Nafasi uliyopata Kasese imetokana na neno la Haji. Alikwenda kwa msimamizi wa karakana akamwambia, mchukue huyu, ni mtoto wa fundi ambaye hajawahi kukosea. Uliponisomea barua yao ulikuwa unaruka kwa furaha. Mama yako akaniangalia. Mimi nikatoka nje nikaenda kupiga teke pipa.

Ukishafika wewe, na Haji akishajua ukweli, anaweza kulirudisha neno lake. Wanaweza kukuambia urudi. Sijui. Nimelifikiria jambo hili mwezi mzima, na kila nilipolifikiria nilipata sababu nzuri ya kungoja: mtoto aende kwanza, azoee kwanza, athibitishwe kwanza. Jumanne, nilipokuona na ule mfuniko wa sufuria, niliona kwamba uongo wangu umeshapata mtoto. Nami ndiye niliyeulea.

Sikuombi ruhusa. Nikikuomba utanihurumia au utanikataza, na vyote viwili sivitaki. Kama watakurudisha, rudi. Benchi ni hii, na hasira utakazokuja nazo nitazipokea zote, hata ukinipindulia sinia. Kama hawatakurudisha, basi utakuwa umekaa kwa mikono yako mwenyewe. Mikono yako ni mizuri, Yusufu. Sijawahi kukuambia, kwa sababu siku zote ukiwa karibu nami mdomo wangu umejaa klipu. Unatia pini kwa utulivu ambao mimi sikuupata hata jeshini. Na nimekuona unageuza kila pistoni na kuitazama pande zote mbili kabla ya kuifunga. Sikukufundisha mimi. Sijui umejifunza wapi.

Ile chumvi nimeiokota kwenye magunia. Nimeipangusa nikaifunga ndani ya shuka lako jekundu, katikati ya sanduku. Usiitoe.

Kesho asubuhi basi la Kasese likija, mimi nitapanda pia. Nimeshamwambia Mama yako. Alinipigia pasi ile kofia. Nitashuka Kikorongo, nitafuta lori linalokwenda Katwe, na nikitoka huko nitakwenda moja kwa moja kwa Haji, Isaya akikubali kufuatana nami. Asipokubali, nitakwenda peke yangu.

Klipu ya nane ninayo hapa, juu ya karatasi. Haina kutu, kwa sababu miaka yote hii nimekuwa nikiipaka mafuta, mjinga mimi. Kesho nitaitia mdomoni hapa hapa nyumbani kabla ya basi kufika, na sitaitoa mpaka niwe nimesimama mbele ya Isaya, ili njiani nisipate nafasi ya kujitetea. Kwa hiyo hata ukiamua kunisalimu sitaweza kukujibu, na nikishuka njia panda sitakuaga. Usifikiri bado nimekununia.

Kwaheri, mwanangu. Naiandika hapa kwa sababu kesho kazi itakuwa bado.

Baba yako,
Abdala fundi